Mimi na Mkwe Wangu katika Bustani ya Mombasa

Nimeulizwa sana hapa Shella, mtaa wetu wa Malindi: ilikuwaje nikatoka kwenda Mombasa kumchukua mwanangu, nikarudi mikono mitupu? Wengine wameuliza kwa mdomo, wengine kwa macho. Basi nakaa chini niieleze safari yote, maana nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na mambo yenyewe bado yananizunguka kichwani.

Sababu ya kutoka ilikuwa hii. Mwanangu Zuhura aliolewa Mombasa na Salim, karani wa forodhani, akashika mimba yake ya kwanza. Na ada yetu mwaijua: mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Mimi nimezaliwa chumba cha ndani cha nyumba hii, na Zuhura kazaliwa humo humo. Nilikwisha piga chokaa kuta, nikawambisha kitanda upya. Mimba ikaingia mwezi wa saba, Zuhura haji. Nikaletewa salamu: "Mume wangu hataki nisafiri." Hataki! Nikasema huyu kijana ana kiburi, ataka kunitenga na mwanangu. Ramadhani ikiwa ukingoni nikamwambia kaka yangu Omari, "Tandika punda."

Njiani, kutoka Malindi hadi Kilifi, sikuwa na la kutazama ila mgongo wa Omari. Msafiri ana ruhusa ya kufungua, lakini yeye alishika saumu, na saumu ikamfanya mkali. Kila nikisema tupumzike, alijibu, "Wewe ndiye uliyetutoa nyumbani." Pale kwenye mkono wa bahari wa Kilifi tuliwaacha punda, tukavushwa, tukafika Takaungu jioni kwa binamu yangu Bi Fatuma.

Huko Takaungu Bi Fatuma alitufuturisha vizuri, akanisikiliza nikimsema mkwe wangu mpaka uji ukapoa. Kisha akauliza, "Salim huyu si mwana wa marehemu Mwanasiti, aliyekuwa wa hapa hapa kwetu?"

"Ndiye."

"Basi muulize mwenyewe kwa nini hataki."

"Nitamuulizaje, Fatuma? Mkwe wangu yule!"

Akacheka, nami nikacheka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akimwona mbele hupisha njia na kuinamisha macho, na likiwapo la kusemwa hupitishwa kwa mtu wa tatu. Tangu arusi sikuwahi kusikia sauti ya Salim ila nyuma ya ukuta.

Siku ya pili yake tulivuka Mtwapa, na pale kivukoni nilitaniana na wavushaji vizuri tu. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia. Mombasa tuliingia kwa kigari kile kinachopita juu ya reli na kusukumwa na watu, Omari kashika kofia kwa mikono miwili, asema dunia imekwisha. Zuhura alinipokea mlangoni, tumbo mbele, kanenepa mashavu. Nikatafuta dalili ya kuonewa nisiione, na hilo likanikoroga zaidi. Kila nikimwambia "twende Malindi," alijibu, "Mama, tungoje Idi ipite."

Idi mosi Salim hakwenda forodhani. Akamtuma Zuhura aniambie kwamba mji mzima hutoka kwenda bustani kubwa, nasi twende tukatembee. Nikavaa buibui langu jipya. Moyoni nilisema, ataka kunilainisha kwa maua.

Langoni mwa bustani nilisimama, nikapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Nikapiga tena. Watu wakanipita wakaingia tu, hata salamu hapana.

"Mama, hapa hapapigwi hodi," Zuhura akaninong'oneza. "Hapana mwenyewe."

"Shamba lote hili halina mwenyewe?"

"La kila mtu."

La kila mtu! Basi tulipofika penye mwasumini nikanyoosha mkono nichume asumini za kikuba cha kuvaa kifuani, maana zilikuwa zaanguka chini bure. Mlinzi akanipigia kelele toka mbali, nikaruka. La kila mtu, na kuchuma marufuku. Kulikuwa na majani mazuri, mafupi, na mbuzi haonekani hata mmoja. Kulikuwa na watu wanapuliza matarumbeta, na arusi hapana. Na waliobaki walikuwa wakienda, wakigeuka, wakirudi.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Hawaendi popote, mama. Wanatembea."

Nikajitia kutazama maua, nisije nikaonekana mjinga zaidi. Omari yeye alikwisha lala kivulini, kofia usoni.

Sasa sikilizeni lililonipata katika njia za bustani ile. Salim alikuwa mbele yetu, kwa adabu, mbali. Kwenye njia panda alishika kulia, nami kwa kumpisha nikamvuta Zuhura kushoto. Tukaenda, tukaenda, njia ikapinda, na tulipotokeza penye maua mekundu, huyu hapa Salim, uso kwa uso! Akaruka majanini, akageukia mti. Nikajifunika, nikageuka nyuma. Tukaenda, njia ikapinda, huyu hapa tena! Aliyezichora njia zile bila shaka hakuwa na mkwe. Zote ni duara, na kila anayekimbia hurudishwa. Salim naye akachanganyikiwa akawa kila aonapo buibui likimjia arukia majanini, na mlinzi akamkaripia yeye pia. Sikujua nicheke au nilie.

Mwishowe Zuhura akasema, "Miguu imenivimba, siendi tena." Palikuwapo benchi la namna nisiyopata kuiona, mgongo mmoja katikati na vikalio huku na huku, wa upande huu hamwoni wa upande ule. Akanikalisha upande mmoja, akamwita mumewe upande wa pili, yeye mwenyewe akasimama kati.

"Mwambie mama," Salim akaanza, "kwamba sikusudii kumvunjia heshima."

"Mwambie mumeo," nikasema, "kwamba heshima ni kumleta mke wake kwao ajifungue."

"Mwambie mama…"

"Ah!" Zuhura akapiga kofi. "Nimechoka kuwa daraja, na mimi nina mzigo wangu! Semeni wenyewe." Akaenda zake kwenye matarumbeta.

Tukabaki migongo kwa migongo. Nilitaka kuondoka, lakini niondoke niende wapi, na njia zile? Kisha nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama yangu alitoka hapa Mombasa kwenda kujifungulia kwao Takaungu, kama aliponizaa mimi," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo, nimepakiwa punda mbele yake. Uchungu ukamshika kivukoni Mtwapa. Hapana mkunga, hapana nyumba. Nilishika upindo wa kanga yake mpaka wakanibandua. Sikatai ada, mama. Naogopa njia."

Yarabi! Pale pale nilipokuwa nikitaniana na wavushaji. Nikamkumbuka Bi Fatuma na kicheko chetu. Nikaufikiria na ukuta wangu wa chokaa, na wanawake wa Shella wanaongoja vigelegele, na kiburi nilichomtafutia kijana huyu njia nzima, kumbe kilikuwa kwangu. Sikujua lipi nilishike.

"Basi hatasafiri," nikasema, nikajisikia kama si mimi niliyesema. "Lakini mimi siondoki Mombasa mpaka nimpokee huyo mtoto kwa mikono yangu. Ada ni mama, si chumba."

Nikasikia akivuta pumzi kwa shida, kisha kamasi. Alikuwa akilia. Sikugeuka.

Nimekaa Mombasa mpaka arubaini ya uzazi ikatimia. Salim alihamia kwa ami yake ili nami nipate nafasi ya kuingia na kutoka. Mtoto ni wa kike, mzima, mkali wa sauti, jina lake Mwanasiti. Nyumbani nimerudi na Omari. Tulipofika kivukoni Mtwapa nilimwambia anyamaze, nikamsomea marehemu Fatiha.

Mwauliza nimejifunza nini. Wazee husema uso umeumbwa na haya, na ni kweli. Kumbe mgongo hauna haya. Bustani yenyewe mpaka leo siielewi. Ila jana nimekwenda kwa seremala wetu, nikamwagiza benchi la mgongo mmoja, vikalio huku na huku, liwekwe barazani, maana Salim ameahidi kumleta mtoto akipata nguvu za safari.

Seremala akalitazama umbo nililomchorea mchangani. "Bibi, watu wapeane migongo? Wamegombana?"

"La," nikamwambia. "Wana mengi ya kuambiana."