Majununi Walingoja Tukiamkiana

Enzi zetu, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto, kompyuta ilipokelewa nyumbani kama bibi harusi. Ilikuja imefunikwa shuka, majirani wakapanda ngazi kuitazama, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Yetu ilitoka kwa Ami Saidi, ndugu yake baba, aliyefanya kazi katika ofisi ya mizigo kule Mbaraki. Ofisi ilipobadilisha mashine, akaichukua ile kuukuu na kuileta kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale. Ilikuwa na kisogo kikubwa, nayo ikiwashwa ilinguruma hata paka akatoka chumbani. Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, ya vita vya kale. Ami aliapa kwamba hajui imefikaje humo, lakini majina ya majemadari wote aliyajua kwa moyo!

Basi ndiyo ikawa maisha yetu. Tukitoka chuoni kusoma Kurani, juzuu zikiwa bado kwapani, tulikimbia mbio vichochoroni, tukinunua kachri za muhogo na achari ya embe njiani. Sheria ya Mama ilikuwa moja: mkono ulioshika achari usishike kipanya. Hatukuifuata. Kipanya kile kilinuka pilipili mpaka siku kilipokufa, na aliyejisahau akajifuta jicho baada ya kucheza alilia kama aliyefiwa.

Kwa wale ambao hamkubahatika kuicheza, ngojeni niwaeleze taratibu, maana si jambo gumu. Unapewa jeshi, unalipanga uwanjani, kisha unaliamuru kwa kipanya. Wako wapiga mishale, wako wapanda farasi, wako wenye ngao. Halafu wako wale tuliowaita Majununi, yaani wendawazimu. Hao walikuwa watu wa kaskazini, vifua wazi, shoka mkononi, bila ngao wala kofia ya chuma. Ukiwaachia hawasikii tena amri. Wanapiga ukelele, wanakimbia, wanafyeka kila kilicho mbele yao. Raha iliyoje! Tatizo ni kwamba mwenye kifua wazi akipigwa mshale, anakwenda chini. Sisi kila tukiwaona tulipandwa na wazimu kuliko wao. Vita havijaanza, tumeshawaachia. Walikimbia, wakapiga ukelele, wakachomwa mishale wote katikati ya uwanja, nasi tukabaki midomo wazi. Kesho yake tukarudia vilevile.

Likizo ya mwisho wa mwaka ilipokaribia, ugomvi ukazuka. Binamu yangu Nasoro, mtoto wa shangazi yangu wa Tudor, alidai kompyuta ni ya ukoo mzima, kwa hivyo wakati wa likizo ikakae kwao. Ami Saidi akaamua kesi akiwa na kikombe cha kahawa mkononi: "Liko boma moja mlimani ambalo hakuna aliyewahi kuliteka. Atakayeliteka kwanza, kompyuta yakaa kwao likizo nzima. Na ole wake atakayesimamisha gemu ili apate kufikiri! Vita havina mapumziko."

Kwa Nasoro ilikuwa fahari tu. Yeye alikuwa mvulana, angeweza kwenda atakako. Mimi msichana, mashine ikienda Tudor, ningeiona Ijumaa kwa Ijumaa tukienda kumtembelea shangazi, na siku zilizobaki ningechambua mchele. Usiku nililala nikiliona boma lile juu ya chandarua.

Jumamosi ya mashindano chumba kilijaa. Nasoro alianza. Akapanga jeshi vizuri, akakohoa kama jemadari, kisha akawaachia Majununi. Mishale ikanyesha. Wakaisha wote kabla hajamaliza kutafuna kachri.

"Kiti chateleza," akasema.

"Kiti au wewe?" nikamwambia. "Ondoka yakhe, tuwaone wanaume."

"Wanaume ndio wewe, Mwanamize?"

Watoto wakacheka hadi wakagaragara. Nikaketi. Nikawaweka wenye ngao mbele, na Majununi nyuma yao, karibu kabisa, ili wawe tayari kuruka. Adui alikuwa juu ya mlima, wapiga mishale wake wamejipanga. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kipanya niwaachie, mara sauti ya Mama ikatoka ukumbini:

"Mwanamize! Nasoro! Bi Zuhura amekuja. Ndooni mumuamkie!"

Bi Zuhura alikuwa jirani yetu, mtu mzima, mpenzi wa adabu. Mtoto asiyemuamkia vizuri, Mji wa Kale wote ungejua kabla ya magharibi. Nilimtazama Nasoro. Naye akanitazama mimi, akitabasamu kwa meno yote.

"Usisimamishe," akaninong'oneza. "Vita havina mapumziko."

Nikainuka. Tukaenda ukumbini, tukaubusu mkono. "Shikamoo, Bi Zuhura." "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumba yote haijambo? Na masomo? Na wewe Nasoro, mamako hajambo? Na mguu wake? Yale mafuta niliyompa ameyapaka?" Nasoro akajibu moja moja, naye akijua kwamba kila jibu lanichoma. Bi Zuhura alikuwa hajauachia mkono wangu. Kutoka chumbani nikasikia mishale, fyuu, fyuu, fyuu, na watoto wakipiga mayowe. Nikajua ngao zangu zinapigwa. "Alhamdulillahi," nikajibu, sikumbuki swali lilikuwa lipi.

"Na Kurani umefika wapi?"

Ewe Mola wangu! Nikamwambia nilipofika. Akataka nimsomee kidogo. Nikamsomea sura fupi kuliko zote ninazozijua, kwa kasi ambayo mwalimu wangu angenitandikia. Nilipomaliza, kule chumbani kulikuwa kimya. Hakuna fyuu hata moja.

"Mashaallah," akasema Bi Zuhura, akaniachia mkono. Niliruka kama samaki.

Kufika, nikaona ajabu. Ngao zangu zimejaa mishale kama nungunungu, lakini wenyewe wamesimama. Wapiga mishale wa adui wamemaliza mishale yote! Jeshi lake, kwa kukosa subira, lilikuwa limeteremka mlimani kuja kupambana na ngao zangu, likafika limechoka. Na nyuma ya zile ngao, Majununi wangu, wazima wote, walikuwa wakipiga shoka zao chini, wakingoja.

Sikuwatuma mbele. Sijui nani alinifundisha. Niliwazungusha pembeni, taratibu, mpaka wakawa ubavuni mwa adui aliyekuwa ameshughulika na ngao. Ndipo nikawaachia. Ule ukelele! Walipita ndani ya jeshi lile kama kisu moto ndani ya samli. Boma likabaki na walinzi wachache, nao wakakimbia. Chumba kikalipuka kwa shangwe. Watoto wakapanda kitandani, Ami Saidi akamwaga kahawa, na Bi Zuhura mwenyewe akaja mlangoni, akatazama kioo na kuuliza, "Na hawa mabwana walio vifua wazi, hawana mama zao wakawavisha?"

Siri yote ya Majununi ndiyo hiyo, ndugu zangu. Waweke nyuma ya ngao, mwache adui amalize mishale, kisha uwaachie ubavuni, mara moja tu, kwa kuwa hawarudi.

Nasoro aliondoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na ndugu zake wote, na bakuli la viazi karai kutoka kwa shangazi. "Nimekuja kutazama kama mwaitunza," akasema. Akaja na siku iliyofuata. Ikafika hadi wakawa wanalala kwetu, mikeka imetandazwa ukumbini toka ukuta hadi ukuta, Mama akipika wali kama wa maulidi na kulalamika kwa furaha.

Leo watoto wangu wana simu kila mmoja. Gemu kama ile wanacheza na watu wasiowajua, masikio yamezibwa. Mgeni akiingia wanainua kidole kimoja, maana yake ngoja, kisha vita vinaendelea, na Majununi wanatumwa mapema wafe wote, vilevile kama tulivyofanya sisi. Nikitaka kuwaeleza wananiambia iko video. Sawa. Video haijawahi kuniulizia mguu wa shangazi. Nasoro anakaa Ganjoni siku hizi, mwendo wa dakika chache kutoka kwangu, naye ana kompyuta nzuri kuliko ya ofisi yoyote ya Mbaraki. Mimi pia ninayo. Kila mmoja ameshinda, kila mmoja anayo kwake, na ukumbi wangu una nafasi tele ya mikeka.