Mguu wa Zoraida Mero

Kwa miaka ishirini na miwili Zoraida Mero alisafisha jodari katika kiwanda kimoja mjini Manta, akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kukaa kulikatazwa. Mishipa ya miguu ilimvimba, ngozi juu ya kifundo ikawa ya kahawia kama yenye kutu, na jioni ilimwasha sana. Hakujali. Wanawake wote pale walikuwa na miguu ya namna hiyo.

Siku moja ukingo wa toroli ulimchuna palepale kwenye ngozi ya kahawia. Mchubuko mdogo tu, lakini haukupona. Ukapanuka ukawa kama kiganja, unatoa maji usiku na mchana. Muuza dawa alimpa unga wa kunyunyizia, kisha vidonge, kisha unga mwingine. Dada yake alisema ni husuda ya watu, akamwosha kwa majani. Miaka minne ikapita hivyo.

Kisha msimamizi akamwita ofisini, akamwambia wenzake wanalalamikia harufu. Zoraida alidhani anataniwa. Humo ndani watu walitumbua samaki tani kwa tani, na bado harufu iliyowakera ilikuwa yake. Alipouliza nani kasema, akatajiwa Nelfa Anchundia, shoga yake, aliyesimama ubavuni pake miaka yote hiyo. Wiki hiyohiyo akaachishwa kazi.

Katika zahanati, nesi aliyeitwa Yadira ndiye wa kwanza kumgusa mguu bila kukunja uso. Alitafuta kwanza mapigo ya damu kwenye unyayo, akayapima na mkononi pia ili alinganishe.

"Damu inashuka vizuri, mama. Kupanda ndiko kunakoishinda," alisema. "Vilango vya mishipa vinavyoizuia isirudi chini vimechoka. Damu inatuama huku chini, ngozi inakosa nguvu ya kujiponya. Unga hauwezi kuipandisha."

"Na nini kitaipandisha?"

"Bendeji ya kubana. Ila usijifunge mwenyewe kwa kubahatisha. Mtu ambaye damu yake haishuki, ukimbana unamuulia mguu."

Akakisafisha kidonda, akakifunika, akamfunga kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Akamwambia atembee kila siku, na akipumzika mguu uwe juu kuliko moyo. Zoraida alilia, si kwa maumivu. Miaka minne, na hakuna aliyemwambia.

Kidonda kilifunga katika mwezi wa sita wa bendeji. Yadira akampa soksi za kubana na kumwonya kwamba atazivaa maisha yake yote, la sivyo kitarudi. Kiwandani hawakumtaka tena.

Ndipo Nelfa akaja na sahani ya ndizi za kukaanga zilizojazwa samaki. Alisema yote aliyafanya kwa nia njema, ili shoga yake apumzike. Alipoketi akavua viatu, akaanza kujikuna kifundo. Ngozi ilikuwa ya kahawia, imekaza, inang'aa.

"Hii miguu, shoga, siku hizi inaniwasha balaa," alisema.

Zoraida aliitazama. Alijua hasa cha kumwambia na mlango wa kumpeleka.

"Ni joto," akajibu, akamsindikiza mpaka barabarani.

Alikuja kumwambia ukweli wiki tatu baadaye. Nelfa alikuwa amekwisha kuanza kujinyunyizia unga wa muuza dawa.