Mkanda wa Mama Mdogo

Waheshimiwa wasagishaji, wachekechaji, na ninyi nyote mnaokula tu bila kuuliza unga umetoka wapi: kwa heshima na taadhima, ukoo wetu unatangaza rasmi kwamba mama mdogo, mke halali wa fundi saa, mwanamke mwenye akili timamu na mizani isiyopunja, anampenda mwanamume mwingine. Anampenda hadharani. Mumewe anajua, majirani wanajua, na wateja wanajua mpaka wimbo wa mwisho wa albamu yake ya kwanza. Mwanamume huyo ni mzee wa nchi ya mbali, mvi zimemfika mabegani, anashika vijiti viwili, na kazi yake duniani ni kupiga ngoma za muziki wa roki mpaka mtu wa safu ya nyuma ahisi meno yanahama. Mama mdogo humwita Babu Radi. Taarifa rasmi inaishia hapo. Yanayofuata ni umbea.

Mama mdogo ndiye kitinda mimba wa babu yangu, na ndiye mwenye mashine ya kusaga iliyo nyuma ya duka la rangi. Babu alipofariki aligawa urithi kama mtu anayetania. Mjomba, mpenda usingizi, akapewa kitanda. Mama yangu, mpenda maneno, akapewa redio. Mama mdogo, aliyekuwa anashtuka hata sufuria ikianguka, akapewa injini.

Na injini ile haikuwa inawaka, ilikuwa inalipuka. Mama mdogo aliiwasha kwa mkono mmoja huku mguu mmoja ukiwa tayari nje. Akishaiwasha alikwenda kusimama mlangoni, vidole masikioni, nafaka ikimwagika pembeni na unga ukitoka nusu punje. Wateja walikuwa wanamuuliza kama wamelipia unga au kokoto. Alitaka kuiuza. Mnunuzi alishapatikana, alishaipiga injini teke la ukaguzi, ilibaki kupeana mikono tu.

Katika siku zile za kungoja alijaribu kuizima kelele kwa kelele. Alipachika spika ukutani akaweka kwaya, kwaya ikazama. Akaweka nyimbo za mapenzi. Mapenzi yakazama, na kwa jinsi waimbaji wale walivyokuwa wakilia, hakuna aliyehuzunika. Kisha dereva mmoja wa lori aliyekuja kusagisha akasahau kaseti yake kwenye gunia. Mama mdogo akaiweka bila kujua ni nini. Gitaa likapasua chumba. Halafu zikaja ngoma za Babu Radi, na ngoma zile, kwa bahati ambayo hakuna mganga anayeweza kuipanga, zilikuwa zinakwenda mwendo mmoja na injini. Injini ikapata mwenzake. Awali ilikuwa inatisha peke yake, sasa ilikuwa inapiga bendi. Upande wa kwanza ulipokwisha mama mdogo alikuwa ndani, mikono mitupu, anamimina nafaka huku kichwa kikimwenda mbele na nyuma. Mnunuzi alipofika aliambiwa arudi alikotoka, tena aliambiwa kwa sauti ya juu, maana hapakuwa na nyingine iliyosikika.

Tangu hapo hakushikika. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Debe la mama mdogo lilijaa kaseti, likavuma zaidi. Madereva wa masafa marefu walimletea albamu kama wenzao wanavyowaletea wake zao vitenge. Aliweka mabango ya bendi ukutani, na kwa kuwa unga hauchagui pa kutua, waimbaji wote walizeeka wakiwa mashineni, nywele nyeupe, nyusi nyeupe. Bendi yoyote iliyopita katika ziara, mama mdogo alipanda basi kuifuata. Alikuwa na fulana nyeusi ya tamasha, nyeusi kwa jina tu. Kuna mwaka alisimama mvuani kumsikiliza mwimbaji aliyekuwa amepoteza sauti, jamaa akaguna tu mwanzo mpaka mwisho. Mama mdogo alirudi na mafua na furaha, akatuambia hajawahi kusikia mtu anaguna vile.

Majirani waliona fuvu kwenye jalada la albamu moja wakatuma ujumbe wa watu wazima kuja kumwombea. Aliwapokea vizuri, akawapa vigoda, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu akawapa na chekecheke. Waliomba huku wakichekecha. Walipoondoka, mmoja alinong'ona kwamba wimbo ule wa pili haukuwa mbaya.

Mumewe, baba mdogo, ni fundi saa. Mungu ana utani wake. Mwanamume anayefanya kazi amebana pumzi ili asikie tiki ya gurudumu dogo kama chembe ya mtama, alioa mwanamke anayesikilizwa na mtaa mzima. Hutembea na pamba mfukoni. Mkewe akiweka albamu mpya, yeye huweka pamba, na ndoa inaendelea. Sijawahi kumsikia akimwambia apunguze sauti. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akaniambia mke wake kabla ya muziki ule alikuwa hapati usingizi.

Basi mwaka huu likabandikwa bango kwamba Babu Radi anakuja, na kwamba ndiyo ziara yake ya mwisho, magoti yamekataa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bango lilisema pia kwamba mchana, kabla ya tamasha, mzee angekaa kwenye ukumbi wa mbele akiweka saini, kila mtu na kitu kimoja. Mama mdogo alijua kitu chake: kaseti ile ile ya gunia, iliyofutika maandishi. Lakini saini ilikuwa kisingizio. Alichotaka ni kumwambia mtu yule asante, uso kwa uso, mara moja kabla hajastaafu. Wiki nzima aliifanyia mazoezi hotuba yake mbele ya injini, ikivuma, ili asisikike.

Siku yenyewe alifika mapema na foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Alipokaribia mlango akafungua mkoba ili aishike kaseti mkononi. Akakuta leso aliyoifutia kaseti. Kaseti yenyewe ilikuwa mashineni, juu ya meza.

Akampigia mumewe simu. Alimwambia ameusahau mkanda, uko juu ya meza pale mashineni, achukue pikipiki ya kukodi aulete mbio.

Sasa lazima mfahamu jambo la nyumba ile. Mama mdogo huita kaseti mkanda. Baba mdogo huita kaseti kaseti. Na mashineni, neno mkanda lina maana moja tu tangu enzi za babu: ule mpira mnene unaozunguka kutoka kwenye injini mpaka kwenye kinu, ambao ukikatika kazi inasimama na mtu anatumwa mbio akalete mwingine. Baba mdogo ameshatumwa mkanda mara nyingi kuliko alivyotumwa chumvi. Alifika, akakuta mezani mkanda mpya wa akiba. Juu yake kulikuwa na kaseti. Akaisogeza kaseti taratibu, kwa vidole vya fundi saa, ili asiikwaruze, akachukua mkanda.

Alitokea foleni ikiwa imebaki watu wachache mbele ya mkewe. Koti limefungwa vifungo vyote, pamba masikioni, mkanda wa mashine begani kama amekamata chatu.

Mama mdogo aliutazama mkanda. Akamtazama mumewe.

"Fundi, hiki nini?"

Baba mdogo akatoa pamba moja. "Mkanda. Nimeangalia na namba, ndio wenyewe."

"Nilisema mkanda wa muziki."

"Hukusema wa muziki. Ungesema kaseti."

Watu wa foleni walishaanza kucheka. Kijana mwenye nywele zilizosimama akauliza kama mama amekuja kumchapa mtu. Mama mdogo akatoka kwenye mstari. Ni yule yule wa mlangoni wa zamani, mguu mmoja tayari nje. Alisema twende nyumbani, hawezi kwenda kwa mtu mzima na mpira wa injini, ataonekana kichaa, na hotuba yote ilikuwa inaanza na maneno "mkanda huu mdogo."

Baba mdogo, mtu asiyependa kelele, asiyependa umati, asiyeujua hata wimbo mmoja, akamshika kiwiko akamrudisha kwenye mstari. Kijana wa nywele aliposema foleni ina utaratibu, baba mdogo alimwambia mama huyu alikuwa kwenye foleni hii kabla wewe hujazaliwa. Kisha akamgeukia mkewe.

"Umekuja kusema au umekuja kuandikiwa? Kama ni kusema, mdomo umeuleta mwenyewe."

Mlinzi naye alitaka kuuzuia mkanda. Akaupinda, akaunusa, akashindwa kuupata kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa, akauruhusu.

Babu Radi alikuwa mzee mdogo kuliko bango lake, macho mekundu kwa uchovu wa safari ya ndege, kalamu nene mkononi. Alikuwa anasaini bila kutazama. Mama mdogo alipouweka mkanda mezani kalamu ikasimama. Mzee akaugusa. Akamuuliza mkalimani, binti wa waandaaji, hiki ni kitu gani. Hotuba ya wiki nzima ikayeyuka. Mama mdogo akasema:

"Mwambie ni mkanda wa mashine yangu ya kusaga. Nilikuwa naiogopa mashine hiyo mpaka nakimbia. Ngoma zake ndizo zilizonifundisha kukaa na kelele. Nimekula, nimesomesha, nimezeeka pale ndani. Mwambie asante."

Binti akatafsiri. Mzee akauliza mashine yenyewe inaliaje. Mama mdogo akaipiga kwa viganja juu ya meza: kwanza mkanda ukiwa mzima, kisha mkanda ukiwa umelegea, ule mlio wa kujikwaa unaomwambia azime haraka. Babu Radi akaweka kalamu chini, akaifuata kwa vidole viwili viwili. Akakosea kwenye ule wa kulegea. Mama mdogo akamrudishia. Wakaipiga tena pamoja, na foleni yote, hata kijana wa nywele, ikanyamaza ikisikiliza mashine ya nyuma ya duka la rangi. Mzee akauliza ni ipi yenye kelele zaidi, mashine au yeye. Mama mdogo akasema mashine, asimdanganye mtu mzima. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akasaini mkanda kwa herufi kubwa, akaushika mkono wa mama mdogo kwa mikono yake miwili.

Jioni ile walikaa tamasha zima. Baba mdogo alitoa pamba zote mbili kwa wimbo wa upande wa kwanza, ule wa gunia, kisha akazirudisha. Kwenye basi mama mdogo alimshukuru tena na tena kwa kuleta kitu kisicho chenyewe, na yeye akajibu kila mara kwamba ndicho alichoagizwa.

Mkanda ukatundikwa ukutani katikati ya waimbaji weupe. Watu walikuja kuutazama. Mwenye duka la rangi alijitolea kuuwekea fremu na kioo. Mjomba aliinuka kitandani kwa ajili yake, jambo ambalo peke yake lilistahili saini.

Fremu haijakamilika, mkanda wa zamani ukakatika asubuhi, kina mama wamejipanga na ndoo zao mpaka barabarani. Mama mdogo akapanda kigoda, akautungua ule wa ukutani, akaanza kuuvisha kwenye gurudumu la injini. Nikamzuia. Nikamwambia hiyo ni historia, ni mkono wa Babu Radi mwenyewe, ziara ya mwisho, na kwamba kabla ya ndoo ya kwanza kujaa saini itakuwa imesagika yote, na vizazi vijavyo vitatuuliza.

"Watu wanangoja unga," akasema. "Vuta huko."