Matairi ya Kunipeleka Basotu

"Hapana, Baba. Yule mtaalamu hakufika kila mahali kwa sababu ya matairi ya meno. Alifika kwa sababu alikuwa anasafiri kiangazi. Mvua zikianza anapanda gari la shamba, pikipiki anaiacha stoo. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unaifunika."

Nilisema hivyo nikiwa nimechuchumaa mbele ya kibanda cha fundi pale Katesh, mkono juu ya tairi jipya la mistari, kama vile nimeshalinunua. Baba alikaa kwenye benchi na koti lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Yeye alikuwa mtunza stoo ya mbegu kwenye mashamba ya ngano ya serikali, na mtaalamu mmoja wa ngano alipokuwa anarudi kwao alimuuzia pikipiki yake kubwa ya safari. Ilikuja na matairi ya meno, yaani yale yenye vifundo vikubwa vya mpira. Kwa Baba mambo yaliishia hapo. Ilikuja na meno, basi inataka meno.

"Na mlima wa kurudi nyumbani?" akauliza.

"Mlima ni kidogo tu. Mbuga ndiyo ndefu."

Fundi alicheka. "Mzee, huyu ameshakuwa mwalimu kabla hajashika chaki."

Kweli nilikuwa nimepata barua. Shule ya msingi katikati ya mashamba ya ngano, njia ya Basotu, niripoti Jumatatu. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Kwetu ni Endagikot, huko juu, na Baba alikuwa amekubali kwa sharti moja: kila mwisho wa wiki nirudi nyumbani kwa pikipiki, peke yangu, bila kuokotwa na lori la mtu. Nikishindwa, nikae nyumbani nisubiri shule ya huku kwetu. Kusubiri! Nilikuwa nasubiri tangu nimalize kidato cha nne. Nilishasubiri mpaka nikajua kila kuku wa mama anataga saa ngapi.

Matairi ya zamani yalikuwa vipara kabisa, unapitisha kidole huhisi kitu. Fundi alikuwa na mapya ya aina mbili, ya meno na ya mistari, mawili kila aina, na kwa miaka ile hiyo ilikuwa bahati. Nilijua tope la mbuga lilivyo. Tope lile jeusi likinyeshewa linashika kama ugali wa moto, linajaa kwenye meno, linapanda mpaka kwenye madigadi, gurudumu linakataa kuzunguka. Tairi la mistari, lenye mifereji myembamba tu ya kuzunguka, halina mahali pa kulificha. Linajimenya lenyewe.

Lakini nikisema kweli, sikuchagua kwa sababu ya tope. Nilichagua kwa sababu ya ile picha iliyokuwa kichwani mwangu. Mashamba wakati ule yalikuwa meusi, yamelimwa, yanasubiri mbegu, ila mimi nilikuwa nayaona ya kijani, halafu ya njano, ngano inainama upande mmoja yote kwa pamoja upepo ukipita, na kivuli cha wingu kinatembea juu yake taratibu hadi miguuni mwa Mlima Hanang. Mashine za kuvunia ziko mbali, ndogo kama wadudu, sauti yake inafika baadaye kama inatoka chini ya ardhi. Na mimi napita katikati kwenye barabara iliyonyooka, daftari za darasa la tatu zimefungwa nyuma, matairi hayapigi kelele yoyote. Ya meno yananguruma. Nilitaka nipite kimya, kama mtu anayepita ndani ya usingizi wake mwenyewe.

"Weka ya mistari," nikamwambia fundi. "Mbele na nyuma."

Fundi alimwangalia Baba. Baba alifungua kifungo kimoja cha koti.

"Yeye ndiye atakayeipanda," akasema.

Wakati fundi anamalizia kujaza upepo, mvua ikaja. Haikuanza kwa manyunyu, ilishuka yote mara moja, bati la kibanda likawa halituachii hata neno. Harufu ya vumbi ikapanda, ikachanganyika na ya mpira mpya. Hanang ukafutika, kisha soko, kisha nyumba za ng'ambo ya barabara, tukabaki sisi watatu na pikipiki kama tumo ndani ya mtungi.

Mvua ilipopungua akaingia mfugaji mmoja, mtu wa makamo, shuka begani na fimbo ndefu. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, maana macho yake yalikuwa kwenye matairi yetu ya zamani. Pale Katesh tairi kuukuu halitupwi, linakatwa viatu vya katambuga.

"Hivyo vipara mnavifanyia nini?"

"Umetembea na tope lote hilo kufuata vipara?" Fundi aliuliza, akinyooshea kidole miguu ya yule mfugaji.

Tukatazama sote. Alivaa katambuga mbili zisizofanana. Ya kulia ilikatwa kwenye tairi la mistari, na mguu ule ulikuwa safi, vidole vyote vinaonekana. Ya kushoto ilikatwa kwenye tairi la meno la trekta dogo, na hapo hukuona mguu, uliona donge kubwa jeusi lenye majani na mabua.

"Fundi wa viatu alikuwa na kipande kimoja kimoja," akasema. Akauinua ule wa kushoto kwa shida, akautikisa. "Shamba la serikali lilichukua malisho yetu. Mguu huu unayarudisha kidogo kidogo."

Baba, ambaye alikuwa amekula mshahara wa shamba hilo miaka yote, alicheka mpaka akashika benchi. Mimi nilisimama kama niliyeshinda kesi.

"Umeona, Baba?"

Lakini Baba alikuwa hajamaliza na yule mtu. "Rafiki, na ukipanda kilima? Mguu upi unakushika?"

"Huu mchafu. Ule safi unanirudisha nilikotoka."

Nilijifanya nasikiliza mvua. Yule mfugaji akachukua vipara vyetu, akavitia begani juu ya shuka, akaondoka, mguu mmoja mwepesi, mmoja mzito.

Tulikuwa tumepanga kulala kwa shangazi, dada yake Baba, ambaye nyumba yake iko juu ya kilima cha udongo mwekundu nje kidogo ya mji. Niliendesha mimi, Baba nyuma. Kwenye tope la chini tulipita vizuri ajabu. Mbele kulikuwa kunaelea, usukani mwepesi mkononi, matairi yanamwaga tope pembeni kama maji, na nikaanza tena kuiona ngano. Halafu kilima. Gurudumu la nyuma likazunguka, likaimba, likazunguka papo hapo. Nikaongeza moto. Nyuma kukaenda kushoto, mimi nikabaki nimeelekea nyumba ya mtu mwingine.

Baba alishuka. Alivua koti lake la kanisani, akaliweka juu ya ua wa miiba, akasukuma. Udongo wote uliorushwa na tairi nililolichagua ulimpata kifuani na usoni. Tulipofika juu alipangusa macho kwa kiganja, akarudi chini kuchukua koti, polepole, akipandisha pumzi. Angenitukana ningejua la kujibu.

Shangazi alimletea maji. Nilikaa mlangoni nikiangalia chini. Mawingu yalikuwa yameachana, mbuga yote inang'aa maji, nyeusi na fedha, mpaka kule ambako nilidhani shule iko. Jumatatu ilikuwa karibu sana, ningeweza kuigusa. Na kati yangu na nyumbani kulikuwa na vilima vyekundu vingapi kama hiki, na nyuma yangu kusingekuwa na mtu wa kusukuma.

Fundi alisema Jumapili anafungua mapema, kabla ya kanisa. Nikaamua kwamba asubuhi niamke kabla ya Baba, nimsubiri atoke nimpe shikamoo, nimwambie bila kuzunguka: la nyuma ulisema kweli, la mbele nilisema kweli mimi. Kisha niteremshe pikipiki kwa fundi, la mistari libaki mbele, nyuma aweke la meno. Na nikirudi nipande kile kilima peke yangu, yeye amesimama pale juu na koti lake, anaangalia.