Mfumo wa Bado Kidogo

Sijapata kuona mtu anayependa karatasi za rangi kama yule mtaalamu. Aliteremka kwenye gari la mradi pale Ruangwa, viatu vinang'aa, begi la kompyuta mgongoni, na kabla hata hatujamaliza kusalimiana akaanza kubandika. Ukuta mzima wa ofisi yetu ya chama cha wakulima ukajaa vikaratasi vya manjano na vya waridi. Wazee waliokuja kuulizia bei ya ufuta wakadhani kuna harusi.

Fundi wa programu pale nilikuwa mimi, binti wa Nachingwea, nimetoka kusoma kompyuta Dar es Salaam na kichwa kimejaa. Wafadhili walitaka wanachama wote na korosho zao waingizwe kwenye kompyuta, nami nikaajiriwa kuiandika hiyo programu. Mtaalamu akaletwa anifundishe namna ya kuiandika. Njia yenyewe aliiita ajaili, akatafsiri kwamba ni wepesi. Wepesi gani, mtu ametumia siku nzima kuueleza?

Mimi nitaieleza upesi kuliko yeye. Zamani fundi alijifungia mwaka mzima, akatoka na programu ambayo hakuna aliyeitaka. Sasa kazi inakatwa vipande. Kila jambo analolitaka mtumiaji linaandikwa kwenye kadi yake, na lililo muhimu linakaa juu. Kila baada ya wiki mbili fundi anaonyesha kitu kinachofanya kazi, mtumiaji anasema kinafaa au hakifai, anabadili mawazo akitaka, na hakuna kumnunia. Tena kila asubuhi mnasimama wima, kila mmoja anasema alifanya nini jana, atafanya nini leo na kinachomkwamisha ni nini. Si jambo baya. Hata shangazi yangu anapika hivyo hivyo, anaonja, anaongeza chumvi. Ila yeye hajawahi kulipwa posho ya semina.

Lazima awepo mtu mmoja wa kupanga kadi na kutamka kwamba kazi imekwisha. Mtaalamu alimwita mwenye bidhaa, na alimtaka mwenyekiti wa chama. Mwenyekiti, mtu wa tumbo lake na heshima zake, aliposikia kwamba itabidi asimame kila asubuhi ndani ya ofisi yake mwenyewe, mbele ya watoto kama mimi, aliguna.

"Nisimame, nimekuwa mlinzi mimi? Mpeni karani."

Hapo ndipo walipojimaliza. Karani alikuwa mjane kutoka kijiji cha Nkowe mwenye watoto watatu shuleni. Alikuwa akiwaandikisha wanachama kwa mkono tangu miaka ya tisini. Siku chache kabla ya hapo mwenyekiti huyo huyo alimwambia mbele yetu sote, bila hata kuona haya, kwamba mfumo ukikamilika yeye arudi kwao akapumzike. Akapumzike! Apumzike, watoto wale nini? Na sasa wamemkabidhi yeye aamue mfumo umekamilika lini. Nikamtazama mtaalamu, hana habari. Nikamtazama mwenyekiti, keshasahau. Wajinga wawili wanapeana mikono.

Mara ya kwanza niliwaonyesha orodha ya majina. Karani akavaa miwani, akatazama taratibu.

"Nzuri, mdogo wangu. Ila hapa kwetu majina yanafanana mno. Weka na jina la babu."

Kweli tupu. Nikaweka. Wiki mbili zikapita, akatazama tena. "Nzuri sana. Lakini wengine hawajulikani kwa baba, wanajulikana kwa ukoo wa mama." Nikaweka ukoo. Safari iliyofuata akasema kompyuta haina adabu, inamwita mzee jina kavukavu bila shikamoo. Kwa hiyo lazima ijue mzee ni nani. Na wazee wetu mwaka wa kuzaliwa hawaujui. Huyu anakwambia alizaliwa matrekta ya karanga yalipoingia Nachingwea, yule anasema ni mwaka wa nzige. Basi kompyuta nayo ijifunze miaka hiyo.

Mtaalamu nusura alie kwa furaha. "Mnaona? Mtumiaji kabadili mawazo, na sisi tunampokea!" Akaupiga picha ukuta. Babu yangu aliyaona matrekta hayo ya karanga yakiletwa na wataalamu wa wakati ule, akayaona na yakiota kutu. Mtaalamu wetu hakuuliza yaliishia wapi.

Nami hapo nikang'amua. Kadi ya kupima korosho, ambayo ndiyo hasa waliyoilipia wafadhili, kila mkutano karani aliishusha chini, kwa upole, kama mtu anayesogeza sufuria pembeni. Sikumtonya mtu ofisini. Nilimdharau mtaalamu kiasi kwamba nilifurahi kumwona anazama huku anajipigia makofi. Nikirudi Nachingwea mwisho wa wiki nilikuwa nawasimulia nyumbani, tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Msimu wa korosho ulipokaribia, wafadhili wakaja kutazama. Mwenyekiti akavaa koti. Mtaalamu akanyoosha mkono kwa karani mithili ya mshereheshaji. "Mwenye bidhaa ndiye mwenye neno. Je, tumekamilisha?"

"Bado kidogo, baba," akasema karani.

Wageni wakatazamana. Mradi haukuongezewa hata siku. Mtaalamu akaandika kwenye ripoti yake kwamba watumiaji wameshirikishwa kikamilifu, akapanda gari akaenda kuwafundisha wepesi watu wengine. Chama kikabaki na korosho mlangoni na kompyuta isiyojua kupima. Nani angethubutu kumwondoa karani na daftari lake? Fundi, sasa, ndiye aliyekuwa hana kazi.

"Wewe binti," mwenyekiti akaniambia, "tukuweke wapi?"

Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Mimi nilikuwa nimekaa nacheka, kumbe wembe uko kichwani kwangu.

Karani alinisindikiza stendi na mfuko wa korosho alizozikaanga mwenyewe. Tulisimama kando ya basi la Nachingwea. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Dada, ulijua kwamba mimi ndiye nitakayeondoka?"

"Nilijua," akasema. Hakuangalia pembeni. "Wewe umesoma, mdogo wangu, kazi utapata popote. Mimi ningekwenda wapi?"

Niliumia, tena sana. Njia nzima nilitafuta neno la kumtukania. Nilikuwa nayo tele ya mtaalamu, na ya mwenyekiti ndiyo usiseme. La kwake yeye sikulipata.