Pedi Zilizokuwa Miguuni Pangu

Breki ikipata moto sana hutoa harufu kali inayokwaruza koo, kama ya nywele zilizoungua. Kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano, harufu hiyo ilijaa uani kwetu Mikumi, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa na hata kwenye mto niliolalia. Kaka yangu Rajabu alikuwa akitengeneza gari dogo kwa ajili ya mbio za magari katika barabara za mashamba ya mkonge, upande wa Kimamba. Kwenye majaribio, breki za kawaida zilishika vizuri mwanzoni, lakini baada ya kona nyingi zilipata moto na pedali ikazama mpaka chini. Akafunga diski kubwa alizozitoa kwenye gari zito lililokufa, pamoja na pedi za mashindano, vile vipande vinavyobana diski ili gurudumu lisimame. Mama alimwuliza kama zile za zamani zilikuwa hazimsimamishi.

"Zinanisimamisha mara moja, mama. Kule nataka kusimama mara mia."

Jumapili ya mbio alishika nafasi ya tatu, na mimi sauti ilinikauka kwa kushangilia. Tulilala Kilosa kwa shangazi. Asubuhi na mapema Rajabu akatoa jeki. Pedi za mashindano hazishiki sawasawa mpaka zipate joto, kwa hiyo kwa safari ya kurudi alitaka kufunga zile za kawaida zilizokuja na diski, alizokuwa amezihifadhi kwenye kipande cha kanga. Mimi nilikuwa nimeshavaa sare. Nilitaka nifike shuleni kabla ya kengele, wenzangu wanione nikishuka kwenye gari lenye namba ubavuni.

"Kaka, utazibadilisha nyumbani. Nitachelewa."

"Wewe Mwanaidi, umekuwa bosi tangu lini?"

"Tangu jana nilipokupigia kelele ukapata namba tatu."

Akacheka, akairudisha jeki. "Haya bosi, panda." Kile kifurushi cha pedi akakiweka miguuni pangu.

Barabara ilikuwa tambarare na tupu. Hakukanyaga breki hata mara moja, pedi zikabaki baridi, mpaka ng'ombe walipotoka kichakani na kuanza kuvuka. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, lakini gari likaendelea kwenda kana kwamba hajafanya kitu. Akakata usukani, tukaingia mtaroni. Mimi nilichubuka kiwiko. Mguu wake wa kulia ulivunjika vibaya, haukunyooka tena, na mbio za magari zikaishia hapo.

Mama alipouliza, Rajabu alisema, "Nilisahau kubadilisha pedi." Aliwaambia hivyo mafundi wenzake, na baadaye mke wake, kwa miaka yote. Hata tulipokuwa wawili tu hakunilaumu. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

Mwaka huu tumemzika, baada ya maradhi yasiyohusiana na ule mguu. Huwa naenda kufagia gereji yake, sijui kwa nini, maana hakuna kazi inayofanyika. Wiki iliyopita kijana mmoja alisimamisha gari lake mlangoni.

"Shikamoo mama. Nimemkuta fundi Rajabu? Nataka anifungie breki kubwa."

"Marahaba. Fundi amefariki, mwanangu."

Alinipa pole, kisha akauliza kama hizo breki zina maana kwa gari la kwenda kazini na kurudi. Nikamjibu kama kaka alivyokuwa akiwajibu wateja. Kwenye mbio zina maana, kwa sababu ya joto. Kwa barabara ya kila siku, pedi nzuri za kawaida, mafuta ya breki yasiyochakaa na tairi zisizo na kipara vinatosha.

Halafu nikamwambia kwamba fundi hakusahau pedi zake siku ile. Mimi ndiye niliyemkimbiza. Kijana akaaga.

Magari ya siku hizi yanapita pale kwa kasi zaidi kuliko ya utoto wangu, nami huyatazama nikiwa na ufagio mkononi. Nilimwona kaka akibadilisha pedi mara nyingi sana licha ya mguu wake ule mbovu. Ilikuwa kazi ya chini ya saa moja. Ningekosa kipindi cha kwanza tu.