Sakado ya Mjukuu na Jua la Siku ya Nane

Mjukuu wangu alijifungulia Kigoma, kwa mume wake. Akanipigia simu sauti ikiwa bado na uchovu: "Koko, ni mutoto mwanamuke. Siku ya nane tunamutosha inje. Ni weye utamubeba."

Kwetu mtoto haoni jua kabla ya siku hiyo, na anayemtoa mara ya kwanza ndiye anayempa mwendo wake. Huyo mjukuu mwenyewe nilimtoa minye, kwa mikono yangu, kule kwetu Songo, upande wa pili wa ziwa, na matokeo kila mtu anayaona: amesoma mpaka amekuwa muuguzi, ameolewa ng'ambo, na hajaomba mtu chumvi. Sasa mama wa mukwe wetu, aliyemzaa huyo mume, naye alitaka kumtoa huyu mchanga. Simfichi mtu, sikutaka. Akaniambia kwenye simu, kwa heshima zake za Kigoma, "Tutakungoja mpaka jua lifike utosini, bibi. Likipita, nitamtoa mimi."

Karatasi ya kuvuka mpaka ikanila siku tano. Asubuhi ya sita nikavaa mgongoni sakado ya shule ya mjukuu wangu, ile ambayo zipu yake ilikufa nikaifunga kamba. Ndani niliweka ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, kitenge cha kubebea mtoto na viatu vya kanisani. Kijana wangu akanifuata mpaka barabarani.

"Mama, chukua boti. Inakufikisha Kigoma moja kwa moja, unakaa tu."

"Inaondoka lini?"

"Ikijaa."

"Basi bakia nayo. Boti iko na miguu ya mwenye boti. Minye niko na yangu."

Bujumbura nilifika mapema. Kituoni kulikuwa na basi dogo linalong'aa, limejaa, limebaki kiti kimoja. Dereva akaniita bikizee kwa lugha yao, "Mukecuru, ingia, ni weye tu tulikuwa tunangoja." Nikaingia kama kuku aliyeonyeshwa mahindi. Kila alipopanda abiria mwenye mzigo, mwanaume mmoja wa mle ndani alishuka kununua maji, asirudi. Walikuwa watu wa kituo, wamekalishwa ili gari lionekane limejaa.

Na minye ninauza ndagala sokoni Kimanga, kule kwetu, tangu mama wa huyo mjukuu akiwa mgongoni. Ndagala nzima zenye kung'aa ninazipanga juu ya beseni, zilizovunjika ninazilaza chini. Siku hiyo nilikuwa nimenunua ya juu. Tuliondoka saa tisa ya mchana, na nilikasirika mpaka Rumonge. Hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nililala kwa mwanamke aliyekuwa jirani yangu Songo. Kesho yake kituoni sikutazama tena rangi ya gari, nilitazama magoti ya watu. Mtu asiye na kitu magotini hasafiri. Dereva mmoja akaishika sakado yangu: "Mukecuru, njoo huku, iko na redio."

"Redio itasukuma?"

Nikapanda gari ambalo mlango wake umefungwa kwa waya. Ndani mama ananyonyesha, na mzee ameshika kuku wawili. Hakuna anayekodi mama wa kunyonyesha akae kwenye gari tupu. Hata sijakaa vizuri, tukaondoka.

Nyanza-Lac hakukuwa na gari la kupanda mlima kwenda mpakani. Vijana wa pikipiki wakanizunguka, wote safi. Nikamwonyesha kidole mmoja aliyekaa pembeni, suruali imejaa matope mpaka magotini.

"Huyo atakuangusha," wenzake wakacheka.

"Huyo ametoka huko leo. Ninyi mumetoka kitandani."

Hakuniangusha. Jioni nilikuwa Manyovu, upande wa Tanzania, kiuno kinauma kama nimelima shamba la watu wawili.

Siku ya nane nikapata basi la asubuhi, nimelipima vizuri, magoti yote yamejaa mizigo. Likapasuka gurudumu tukiwa tumekaribia mji. Kondakta akasema dakika kumi. Nikamtazama dereva: amevua shati, amelitundika kwenye mti. Mtu wa dakika kumi havui shati. Nikaivaa sakado yangu, nikauliza njia, nikatembea.

Nilipouona mlango wao, kivuli changu kilikuwa kimejikunja miguuni. Mama wa mukwe wetu alikuwa kizingitini na mtoto mikononi, mguu mmoja tayari nje.

"Bibi," akasema, "limebaki jua jembamba."

"Litanitosha."

Alinitazama vumbi lote lile. Kisha akaurudisha mguu wake ndani.

Mjukuu wangu akaja na maji, anacheka na kulia. "Koko, tua kwanza muzigo."

"Nikiutua nitakaa. Nikikaa siinuki."

Nikanawa mikono, wakanipa mtoto. Nikatoka naye juani, yeye kifuani, sakado ya mama yake mgongoni, tunanuka ndagala sote wawili. Hakulia. Alikunja uso tu, akaupima mwanga ule kwa jicho moja, kama mtu aliye kituoni anayechagua gari.